Jiwe la Droo ya Tatu

Lebo yake imeliwa.
Niliiandika mwenyewe kwa wino mweusi, mwezi wa Machi:
sampuli ya kumi na saba, dohani iliyozimika,
kina cha mita elfu mbili na mia nane.
Sasa karatasi ni manjano, kisha kahawia, kisha tundu,
na tunduni jiwe linanitazama.

Hapa Chiromo wengi hudhani jiwe ni kitu kilichokwisha kuamua.
Kaluki, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ndiye aliyeuliza:
"Limetoka baharini miaka sita, mbona bado linatoa jasho?"
Nikamwambia anuse.
Akanusa. Kiberiti, akasema.
Kiberiti, na senti za zamani mkononi.

Huko lilikozaliwa hakuna jua.
Maji huzama katika nyufa za mwamba, hukutana na moto,
hurudi juu yameiba: shaba, zinki, chuma, chembe za dhahabu.
Yakigusa baridi ya bahari mkono hulegea,
wizi wote huanguka papo hapo mlangoni,
na mlango wenyewe hujengwa kwa kilichoanguka.

Ipo chumvi moja ya chokaa na salfa, tabia yake kinyume:
motoni huganda, baridini huyeyuka.
Ndiyo iliyosimamisha ukuta wa kwanza.
Moto ulipohama, nayo iliondoka bila kuaga,
ikaacha matundu pale ilipokuwa imeshika.

Bahari ikaingia humo.
Haikuja na meno. Ilikuja na oksijeni kidogo
na muda isiouhesabu.
Salfa ikawa asidi,
chuma kikavaa kutu,
shaba ikashikana na klorini, ikawa kijani,
kijani cha ganda la ndizi mbichi.
Dhahabu peke yake haikujibu kitu.
Maji yaliyolijenga ndiyo yaliyolila.

Madumu mawili yalinifikia kwa basi la usiku kutoka Kilifi.
River Road, saa kumi na moja alfajiri, utingo akaniuliza:
"Maji ya chumvi yote haya, ni dawa ya nani?"
"Ya jiwe," nikasema.
Hakucheka.

Nikavunja vipande viwili vya ukubwa wa kidole gumba.
Kimoja nikakitia katika maji ya bahari,
kimoja katika maji ya bomba la Jiji.
Siku ya tatu, bika ya bomba iliwasha karatasi nyekundu;
ile ya bahari ilikaa kimya, kana kwamba hakuna kinachoungua.
Kaluki akafurahi: "Basi bahari inaliponya!"
Hapana.
Asidi inatoka vilevile, bahari huimeza tu.
Humficha mgonjwa wake.
Kisha stima ikapotea,
tukasoma mizani kwa mwanga wa simu.

Baba alikuwa mfuaji wa masanduku Kamukunji.
Nyundo zilimla masikio, za kwake na za majirani,
siku hizi tunaandikiana kwenye daftari la mraba.
Jumapili nilimwandikia: *jiwe langu linaoza.*
Alilisoma mara mbili, akachukua kalamu:
*chuma hakiozi. kinarudi kwao.*
Nilitaka kumbishia.
Nikakumbuka udongo mwekundu tunaochimba ili tupate chuma
ni kutu tupu, kutu ya kale,
nikafunga daftari.
Kidole chake kilikuwa bado na alama ya kijani
chini ya pete ya shaba ambayo hajaivua
tangu tulipomzika mama.

Leo nimekata lebo mpya, ya plastiki,
nimeiandika kwa penseli, maana penseli hailiwi haraka.
Sampuli ya kumi na saba.
Tarehe.
Mahali ilipo: Nairobi, droo ya tatu, kushoto.
Kwenye hali nimeandika *inaendelea*,
na kwenye uzito
nimeacha nafasi.